Msema Pweke Hashindwi: Kusoma Mashtaka ya Wazimu wa Kidini katika Kazi za Kihistoria

Kila mwaka mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu ya Kiswahili hukutana na swali linalomtaka ajadili dini, ushirikina au ukatili katika kitabu teule. Kila mwaka pia majibu mengi huwa ya aina moja. Mtahiniwa huorodhesha matukio, humwita mhusika fulani mshirikina, humwita mwingine katili, kisha huhitimisha kwamba jamii inapaswa kuacha mila potovu. Jibu la aina hii hupata alama chache kwa sababu mtahiniwa amekubali majina ambayo wahusika wameitana bila kuuliza yametoka wapi. Katika makala haya tunanuia kuonyesha jinsi mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kuyapima majina hayo. Tutaanza na filamu moja ya kihistoria iliyozua utata mkubwa, tuje kwenye historia ya Bungoma na Kitale, kisha tupite katika tamthilia ya Kiswahili kabla ya kutoa swali la mazoezi.

1. Filamu yenyewe na utata wake

Filamu tunayoizungumzia ni The Devils, iliyoongozwa na Ken Russell wa Uingereza na kutolewa mwaka 1971. Chimbuko lake ni kitabu cha Aldous Huxley cha mwaka 1952 na tamthilia ya John Whiting ya mwaka 1961. Kazi zote tatu zinasimulia tukio la kweli lililotokea katika mji wa Loudun nchini Ufaransa. Paroko mmoja, Urbain Grandier, alishtakiwa kwamba alikuwa mchawi na kwamba aliwaingiza mapepo watawa wa nyumba ya Waursula. Tarehe 18 Agosti 1634 alichomwa moto akiwa hai mbele ya umati.

Tuseme mapema kwamba filamu hii haifai kuonyeshwa darasani. Ni ya watu wazima. Ina uchi, mateso na matukio yanayoudhi waumini. Wadhibiti wa filamu pamoja na kampuni iliyoisambaza waliikata kabla haijafika kwa watazamaji, na hata baada ya kukatwa, baadhi ya halmashauri za miji ya Uingereza ziliipiga marufuku. Kinachomfaa mwalimu ni mpangilio wa kisa chake, ambao anaweza kuusimulia kwa dakika chache kama anavyosimulia muhtasari wa riwaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Kadinali Richelieu anataka kuta za miji zibomolewe ili mamlaka yote yawe mikononi mwa serikali ya mfalme. Grandier anasimama kuzitetea kuta za Loudun. Wakati huohuo, Mama Jeanne, mkuu wa watawa, anamtamani Grandier ambaye anamwona kwa mbali tu. Tamaa yake inapogeuka kuwa uchungu, anadai kwamba paroko huyo humjia usiku kwa nguvu za shetani. Mjumbe wa serikali anayaokota maneno hayo. Mpunga pepo anaitwa, watawa wanashurutishwa, na kupunga pepo kunageuzwa kuwa tamasha la hadhara. Kadiri watawa wanavyopiga mayowe ndivyo ushahidi dhidi ya Grandier unavyoonekana kukomaa. Anateswa, anachomwa, na kuta zinabomolewa.

Katika filamu hii kuna tukio moja ambalo kila mwalimu wa fasihi angelifurahia kwa kinaya chake. Mfalme anakuja akiwa amejigeuza, na anampa mpunga pepo kisanduku kinachodaiwa kuwa na masalio matakatifu. Kisanduku kinapoelekezwa kwa watawa, mapepo yanatoka na watawa wanatulia. Kisha kisanduku kinafunguliwa mbele ya wote. Ni kitupu. Hata hivyo, kesi haifutwi, kwa sababu tangu mwanzo haikutegemea mapepo. Ilitegemea kuta.

2. Maswali matatu ya mhakiki

Kutokana na kisa hiki tunaweza kuunda maswali matatu ambayo mtahiniwa anaweza kuyabeba hadi kwenye kitabu chochote teule.

(a) Nani ananufaika na mashtaka? Mtu anapoitwa mchawi, kichaa au mfuasi wa shetani, tazama kitu ambacho mshtaki atakipata mshtakiwa akiondoka. Katika Loudun kitu hicho kilikuwa kuta za mji. Katika kitabu teule kinaweza kuwa shamba, cheo, urithi au kura.

(b) Nani amenyimwa sauti? Wahenga walisema msema pweke hashindwi. Kesi ambayo mshtaki ndiye mwandishi, shahidi na hakimu haina budi kumalizika kwa hukumu. Mtahiniwa achunguze kama mshtakiwa anapewa nafasi ya kusema katika kazi hiyo, au anasemewa tu.

(c) Je, kazi inaonyesha hofu inavyotengenezwa, au inaonyesha mayowe tu? Hapa ndipo mhakiki anapompima msanii. Lawama kubwa waliyoitoa waliomshambulia Russell ni kwamba alivutiwa mno na mayowe yenyewe: miili, damu na kelele. Waliomtetea walisema kwamba bila mayowe hayo mtazamaji asingeelewa ukatili wa waliokaa kando wakiyaandika. Mtahiniwa hahitaji kuchagua upande. Anahitaji kuonyesha kwamba ameutambua mjadala.

Ikumbukwe pia kwamba Grandier hakuwa malaika. Historia na filamu zote zinamchora kama mtu mwenye majivuno, aliyevunja nadhiri ya useja na kumpa mimba binti wa mmoja wa wakubwa wa mji. Hili ni jambo muhimu katika uhakiki wa wahusika. Mhusika anaweza kuwa na dosari nzito na bado awe ameonewa.

3. Bungoma na Kitale: Dini ya Msambwa

Mwalimu anayefundisha Kitale au Bungoma hana haja ya kusafiri hadi Ufaransa kutafuta mfano. Maswali hayo matatu yana kazi hapa nyumbani, kwenye kisa cha Elijah Masinde na Dini ya Msambwa.

Masinde alikuwa mtu wa eneo la Kimilili. Alichezea timu ya kandanda ya Kenya katika mashindano ya Gossage mwaka 1930, na alikuwa muumini wa kanisa la Friends, yaani Waquaker, kabla ya kutofautiana nalo kuhusu ndoa ya mke wa pili. Katika miaka ya 1940 alianza kuhubiri ibada ya Wele, Mungu wa Wabukusu, na heshima kwa mizimu ya mababu, huku Mlima Elgon ukiwa na nafasi tukufu katika ibada hiyo. Alihubiri pia kwamba Wazungu wanapaswa kuondoka.

Jina la dini yenyewe linamfaa mwalimu wa Kiswahili. Neno msambwa linatoka katika Lubukusu na linahusu mizimu ya mababu. Neno dini ni la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, na ndilo lililokuwa likitumiwa kutaja Ukristo na Uislamu. Kwa kuyaunganisha maneno haya mawili, wafuasi walikuwa wanadai kwamba ibada ya mababu si ushirikina. Ni dini kama dini nyingine. Hoja nzima imo ndani ya jina. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu umuhimu wa majina katika fasihi hawezi kupata mfano wa karibu kuliko huu.

Sasa tutumie swali la kwanza. Nani alinufaika kwa Masinde kuitwa mwendawazimu? Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwataka watu kutoa nguvu kazi, na iliagiza wakulima wang'oe magugu fulani mashambani la sivyo waadhibiwe. Masinde alikaidi na kuwahimiza wengine wakaidi. Upande wa Kitale, Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, na mashamba hayo yalitegemea vibarua na maskwota, wengi wao Wabukusu. Mahubiri kwamba ardhi itarudi kwa wenyewe yalikuwa hatari kwa mlowezi kuliko ibada yoyote. Mwaka 1945, baada ya Masinde kugongana na watumishi wa serikali, alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Alikaa huko hadi mwaka 1947.

Mpenzi msomaji, zingatia nguvu ya hatua hiyo. Mtu akifungwa kwa uasi, jamii itauliza aliasi nini. Akipelekwa Mathari, swali hilo linakufa, kwa maana kichaa haulizwi sababu. Loudun walimwita Grandier mchawi. Nairobi walimwita Masinde mgonjwa. Majina ni tofauti lakini kazi yake ni moja: kuondoa hoja ya mtu kwa kumwondolea akili.

Aliporudi, Masinde aliongoza mkutano mkubwa Chetambe mnamo Septemba 1947. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa sadfa. Chetambe, karibu na Webuye, ndipo Wabukusu walipouawa kwa bunduki za kikosi cha Waingereza mwaka 1895. Maelfu ya watu walikusanyika kuwaombea waliokufa. Kwa faili la serikali, huo ulikuwa mkusanyiko wa washirikina. Kwa waliokuwepo, ilikuwa matanga ambayo hayakuwahi kufanywa. Katika fasihi tungesema kwamba mandhari yamebeba dhamira.

Mwezi wa Februari 1948 mambo yaliharibika. Tarehe 10, huko Malakisi, umati uliokuwa ukilalamikia kukamatwa kwa wenzao ulipigwa risasi na polisi na watu 11 wakafa. Siku chache baadaye dini hiyo ilipigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Aidha, mnamo tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa katika Baringo, wafuasi wa Lucas Pkech, aliyeeneza imani hiyo miongoni mwa Wapokot, walipambana na kikosi cha serikali. Maofisa watatu Wazungu na askari mmoja Mwafrika waliuawa, pamoja na Pkech mwenyewe na zaidi ya wafuasi wake 20.

Swali la pili linauliza kuhusu sauti. Kwa muda mrefu kisa hiki kilisimuliwa kupitia faili za wakuu wa wilaya, ripoti za polisi na barua za wamishonari. Wafuasi wengi hawakuandika. Walisimulia na kuimba. Hapa ndipo Fasihi Simulizi inapoacha kuwa sehemu ya mtihani tu na kuwa ushahidi. Mighani kuhusu utabiri na ujasiri wa Masinde bado inasimuliwa katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia. Mhakiki asiipokee kama historia iliyothibitishwa, kwa sababu mighani hutia chumvi. Vilevile asiitupe, kwa sababu faili nalo hutia chumvi yake. Vikisomwa pamoja, kila kimoja hukisahihisha kingine.

Swali la tatu linatutaka tusiwe wepesi wa kutakasa. Kulikuwa na visa vya uchomaji wa majengo vilivyohusishwa na wafuasi wa dini hii, na kulikuwa na Waafrika wengi, Wakristo waaminifu, walioishi kwa hofu. Wajukuu wao wanaketi darasa moja na wajukuu wa wafuasi. Mwalimu anayemchora Masinde kama shujaa asiye na doa anawanyima sauti wale, sawa na anayemwita kichaa anavyowanyima hawa.

Kinaya kikubwa zaidi kilikuja baada ya uhuru. Masinde alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Dini ya Msambwa ikasajiliwa mwaka 1964. Mwaka 1968 serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku tena, na Masinde akajikuta tena gerezani. Alifariki mwaka 1987. Bendera ilibadilika, faili likabaki. Hii ndiyo sababu swali letu la kwanza halihusu rangi ya mshtaki bali maslahi yake.

4. Jukwaa la Kiswahili: Kinjeketile

Kiswahili kina tamthilia inayosimama vizuri kando ya The Devils, nayo ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Inahusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani katika Tanganyika kuanzia mwaka 1905 hadi 1907. Kinjeketile anapagawa na Hongo, anaingia mtoni, anatoka na maji ambayo watu wanaamini yatawakinga na risasi. Maji yanawaunganisha watu waliokuwa wakigombana. Kisha yanawapeleka mbele ya bunduki.

Tofauti ya Hussein na Russell ni kwamba Hussein anatuingiza ndani ya shaka ya nabii mwenyewe. Kinjeketile wa jukwaani anaanza kuogopa neno alilolitoa, kwa kuwa limekuwa kubwa kumshinda. Mwishoni anakataa kuwaambia watu kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuwa anajua adui atalitumia kanusho hilo kufuta hata haki ya kupigana. Hapo mhakiki anakutana na fumbo gumu: imani inaweza kuwa na kosa na madai yake yakawa ya haki.

Hussein mwenyewe aliwahi kueleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, si mtu yuleyule wa historia. Mtahiniwa asisahau jambo hili. Katika kazi za kihistoria kuna mambo matatu: tukio lililotokea, kumbukumbu iliyobaki, na sanaa iliyobuniwa. Anayeandika kwamba jambo fulani lilitokea kweli kwa sababu limo katika tamthilia amechanganya la kwanza na la tatu.

5. Tahadhari: hofu nyingine ni ya kweli

Kuna hatari ya kuyatumia maswali haya matatu kama fimbo ya kupigia kila serikali na kila kanisa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400 waliohusishwa na kundi la kidini na mahubiri ya kufunga kula hadi kufa. Huko kosa la dola halikuwa kutesa waumini bali kuchelewa kuwalinda, hasa watoto. Aliyepiga kelele mapema hakuwa anazusha.

Kwa upande mwingine, mwezi wa Mei 2008, katika eneo la Kisii, wazee 11 waliuawa na umati kwa kuchomwa moto baada ya kudaiwa kuwa wachawi. Huko hapakuwa na Kadinali wala mkuu wa wilaya. Majirani wenyewe walikuwa mashahidi, mahakimu na wauaji. Walioamini kwamba lisemwalo lipo hawakungoja kuona kama lipo.

Visa hivi viwili vinatufunza kipimo kimoja. Usiulize tu kama imani fulani ni ya ajabu, kwa maana imani ya mwenzako daima huonekana ya ajabu. Uliza ushahidi uko wapi, nani amedhuriwa, na nani hakusikilizwa. Shakahola makaburi yalikuwepo. Kisii hapakuwa na lolote ila uvumi. Mwanafunzi anayejifunza kutenganisha mambo haya darasani atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa siku atakapoona umati umemzingira bibi kizee wa kijijini kwao.

6. Swali la mazoezi

"Jina baya ndiyo hukumu ya kwanza." Kwa kurejelea kitabu teule cha mwaka wenu, thibitisha ukweli wa kauli hii. (Alama 20)

Mtahiniwa azingatie yafuatayo:

(i) Ataje jina baya lenyewe, aliyelitoa na aliyepewa. Asiseme tu kwamba mhusika aliitwa mbaya. Anukuu neno lililotumika.

(ii) Aeleze mshtaki anataka nini. Hoja isiyotaja maslahi ya mshtaki ni nusu hoja.

(iii) Aonyeshe mshtakiwa alivyojitetea au alivyonyimwa nafasi, na mbinu iliyotumiwa na mwandishi kulionyesha hilo: uzungumzinafsia, kinaya, mbinu rejeshi, barua au kimya.

(iv) Aonyeshe jina hilo lilivyozaa tendo: kufukuzwa, kufungwa, kupigwa au kuuawa.

(v) Akiri dosari za mshtakiwa zilizomo kitabuni, kisha aeleze kwa nini dosari hizo zinatosha au hazitoshi kuhalalisha hukumu. Watahiniwa wengi huogopa hatua hii wakidhani wanajipinga. Kinyume chake, ndiyo inayomwonyesha mtahini kwamba anasoma insha ya mhakiki na si hotuba ya mshabiki.

Mwalimu anaweza pia kutumia kazi ya nyanjani ya Fasihi Simulizi. Wanafunzi wa Kimilili, Webuye, Malakisi au Kitale wamuulize mzee mmoja aliyeipenda Dini ya Msambwa na mwingine aliyeiogopa, kwa idhini yao na bila kutangaza majina yao. Wayaandike masimulizi yote mawili kama yalivyosemwa, kisha wayalinganishe darasani. Mwalimu asiharakishe kutoa uamuzi. Wazee hao wanazidi kupungua, na wakiondoka bila kusikilizwa, faili litabaki likisema peke yake.